Watoto Tisa wa Musoma

Binti wa kaka yangu aligeuza daftari lake upande wangu, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho ya jedwali.

"Shangazi, hawa tisa ndio mimi," alisema. "Sasa huku kwa watu wazima mbona wamebaki watano?"

Alikuwa anafanya zoezi la chuo. Jedwali lenyewe linajulikana duniani kote kwa wanaosoma jenetiki, na takwimu zake zilitoka kwetu Musoma, Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1950. Linahusu kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtaani tunauita sikoseli: AA hana kinasaba hicho, AS amebeba kimoja na kwa kawaida haugui, SS ana viwili na ndiye mgonjwa. Watoto wachanga 287 walipimwa damu: 189 walikuwa AA, 89 walikuwa AS, 9 walikuwa SS. Watu wazima walikuwa 654: AA 400, AS 249, SS 5. Mwanafunzi anatakiwa akokotoe nguvu ya uteuzi wa asili, yaani kila kundi lina nafasi gani ya kufika utu uzima likilinganishwa na kundi linalofanya vizuri zaidi.

Alikuwa ameshaikokotoa. AS: 1. AA: kama 0.76. SS: kama 0.2.

Yeye ni SS.

Hesabu alikuwa ameipata. Mwalimu wake atampa alama zote, na anastahili. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani na ile 0.2, na kwa wiki kadhaa haikutoka kichwani.

## Swali la Allison

Jedwali ni la Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia shambani Gilgil, Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la kushangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu. Ukipanda nyanda za juu zenye baridi, hata mmoja kwa mia hapatikani.

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu. Kinasaba kinachoua watoto kinawezaje kuenea kiasi hicho? Kila mtoto wa SS anapofariki, vinasaba viwili vinakwenda naye kaburini. Baada ya vizazi vingi kilipaswa kuwa kimekwisha.

Isipokuwa kama kuna mahali kinalipa.

Alipotazama ramani yake aliiona malaria. Akamaliza masomo ya udaktari, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953 kuthibitisha.

Napenda kuiwazia kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu kwenye vitabu inafichwa nyuma ya asilimia. Mtu anachomwa kidole. Tone la damu linawekwa kwenye kioo, linachanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, sodiamu metabaisalfaiti. Kioo chembamba kinafunika juu, kingo zinazibwa ili hewa isipenye. Unasubiri, kisha unachungulia kwenye darubini. Damu ya AA haibadiliki, chembe zake zinabaki duara. Damu yenye himoglobini S, yaani protini inayobeba oksijeni lakini ya aina ya selimundu, inaanza kupinda mbele ya macho yako, chembe moja baada ya nyingine, mpaka zinachongoka ncha. Unaandika jina la kijiji, unaandika matokeo, unamwita mwingine. Maelfu ya watu walipimwa hivyo, hakuna kompyuta, na sampuli zinasafiri kwenye barabara za wakati ule.

Karibu na Kampala aliwapima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba kinasaba, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokibeba, walikuwa 113. Yaani 28 kwa mia dhidi ya 46 kwa mia.

Halafu kuna jaribio ambalo kila nikilisoma nasimama. Wanaume Waluo 30 waliojitolea, 15 wenye kinasaba na 15 wasio nacho, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Wasio nacho, 14 waliugua. Wenye nacho, wawili tu. Ni matokeo yenye nguvu ambayo huwezi kuyapuuza, na matibabu yalikuwepo. Hata hivyo najiuliza waliambiwa nini, kwa lugha gani, na katika Kenya ya kikoloni ya miaka ile mtu mweusi alikuwa na nafasi gani ya kumwambia daktari mzungu "sitaki". Majina yao hayafundishwi. La Allison linafundishwa.

Aliyachapisha hayo mwaka 1954. Wapo waliompinga, wengine walirudia vipimo wasipate alichopata, na mabishano yalichukua miaka. Lakini alikuwa sahihi. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakiongozwa na Tom Williams, walionyesha mwaka 2005 kwamba mtoto wa AS ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Hadi hapa ndipo hadithi inapoishia kwa kawaida. Mwalimu anafunga kitabu, darasa linashangaa uzuri wa maumbile.

## Safu ya mwisho

Rudi kwenye lile jedwali. Soma safu ya SS kama alivyoisoma yule binti.

Tisa kati ya 287 ni kama tatu kwa mia. Kwa uwiano huohuo, kati ya watu wazima 654 tungetarajia SS ishirini hivi. Wamepatikana watano.

Takriban kumi na watano hawapo.

Najua mipaka ya hesabu hii. Watoto waliopimwa sio haohao waliokuja kuwa watu wazima, na namba ni ndogo. Watoto wawili watatu wakizidi au wakipungua, uwiano unabadilika. Siwezi kusema kulikuwa na makaburi kumi na matano. Lakini mwelekeo ni uleule popote palipopimwa wakati ule: ukipima watu wazima peke yao, SS huwaoni. Na kwa kuwa hawakuonekana, baadhi ya madaktari wa enzi hizo walifikia kuamini kwamba Afrika kinasaba kipo kwa wingi ila ugonjwa wenyewe ni nadra, tofauti na Marekani.

Haukuwa nadra. Hugh Trowell, aliyekuwa daktari katika hospitali ya Mulago, Kampala, alisema kwamba watoto hawa wanakufa kabla hawajatambuliwa. Wanaandikiwa malaria, nimonia, upungufu wa damu, kisha wanazikwa. Ugonjwa ulikuwa unajificha ndani ya vifo vyake.

Hapa ndipo pananiuma. Utafiti wa Allison ni mzuri, na nitaendelea kuusifu. Ila jinsi tunavyoufundisha, mhusika mkuu ni AS, anayenusurika. SS anaingia kwenye hadithi kama malipo. Darasani tunasema "kundi hili linafaidika, kundi lile linalipia gharama", tunakokotoa, tunasonga mbele. Hakuna anayesimama kuuliza kama ile 0.2 ni sheria ya maumbile au ni hali ya huduma za afya za Musoma ya miaka ya 1950.

Ni hali ya huduma. Kinasaba kilichozaliwa naye yule binti ndicho hichohicho cha wale tisa. Herufi moja kwenye kromosomu ya 11, mahali palepale. Yeye yuko chuo kikuu.

## "Sikoseli chanya"

Alianza kuvimba vidole vya mikono akiwa hajatimiza mwaka. Vidole vilijaa, vikang'aa, na alilia ukimgusa. Miezi ya mwanzo alikuwa mzima kabisa, jambo ambalo liliwafanya wakubwa waanze kutafuta nani amemfanya nini. Leo najua kwamba mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi, na inamlinda mpaka inapopungua kuelekea miezi sita. Wakati ule nilichokiona ni wifi yangu akitazamwa vibaya kwenye vikao vya ukoo, kana kwamba kinasaba kilikuja kwenye sanduku lake la harusi.

Kilitoka kwa wote wawili. Bila kile cha kaka yangu, ugonjwa usingekuwepo.

Kipimo cha kwanza alichofanyiwa mtoto kilikuwa kilekile cha kioo na kemikali. Kikajibu "sikoseli chanya". Tatizo la kipimo hicho ni kwamba damu ya AS inapinda, na damu ya SS inapinda. Majibu ya aina hiyo hayakuambii mtoto wako amelindwa au ni mgonjwa. Mpaka himoglobini zitenganishwe kwa kipimo kingine, elektroforesisi, familia inaishi na karatasi isiyosema lolote la maana. Kaka aliikunja akaiweka pamoja na kadi ya kliniki. Kila mtoto alipopata homa, ilifunguliwa ikasomwa tena.

Na lile la "mmoja kati ya wanne", kwamba wazazi wote wawili wakiwa AS mtoto ana uwezekano wa robo kuwa SS, nalo liliwapoteza. Walielewa kwamba wakishapata mmoja, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Kila mimba inaanza upya na uwezekano uleule, robo. Nimewasikia wauguzi wakilieleza vibaya, na nimewasikia wazazi wakipanga uzazi kwa hesabu hiyo.

## Muhimbili, 2004

Kuna mwanasayansi mwingine ambaye ningependa afundishwe kwenye kipindi kilekile na Allison. Julie Makani, Mtanzania, daktari wa magonjwa ya damu. Alisoma udaktari Muhimbili, Dar es Salaam, akaenda Uingereza, akarudi. Kuanzia mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu pale hospitali ya Muhimbili na kuwafuatilia mmoja mmoja: wanakuja kliniki, wanapimwa, na wasipokuja wanatafutwa.

Swali lake lilikuwa upande wa pili wa lile la Allison. Huyu SS anakufa lini, anakufa kwa nini, na tunaweza kuzuia lipi?

Hadi mwaka 2009 walikuwa wamewafuatilia wagonjwa 1,725. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ukiwafuatilia wagonjwa mia moja kwa mwaka mmoja, karibu wawili walifariki. Kwa walio chini ya miaka mitano, zaidi ya saba. Waliokuwa kwenye hatari kubwa ni wale ambao himoglobini yao iko chini ya gramu 5 kwa desilita, na wenye bilirubini nyingi, ile inayofanya macho kuwa ya njano.

Mtu anaweza kusema: ndiyo hayo tu?

Ndiyo hayo, na ni makubwa. Kabla ya hapo daktari wa Dar es Salaam alitegemea takwimu za Jamaika na Marekani. Sasa anaye mtoto mbele yake na anajua, kwa takwimu za watoto wa hapahapa, yupi wa kumrudisha kliniki wiki ijayo na yupi baada ya miezi mitatu. Isitoshe, ile saba kwa mia ni ya waliofika Muhimbili. Mtoto aliyefariki Bunda au Tarime bila kupimwa hayumo, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya zaidi ya hapo.

Wakaenda mbele, wakaingia kwenye vinasaba. Kwa nini ndugu wawili wote SS, mmoja analazwa kila mara na mwingine anacheza mpira? Sehemu ya jibu ni ile himoglobini ya tumboni: kuna watu ambao haipungui sana, na wanaugua kidogo. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa London walilinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, wakakuta maeneo yaleyale ya vinasaba yanahusika, likiwemo linaloitwa BCL11A. Kumbuka jina hilo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri vinasaba, na inachofanya ni kuizima BCL11A kwenye chembe zinazotengeneza damu ili himoglobini ya tumboni irudi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Nimefurahi kwamba ipo. Nimeshindwa kumwambia wifi yangu bei.

## Mashaka yaliyokaa muda mrefu

Kuna sehemu mbili za historia hii ambazo zilinifanya niamke usiku, na zote zinahusu mashaka ya kisayansi.

Ya kwanza ni penisilini. Selimundu inaharibu bandama mapema, na mtoto asiye na bandama inayofanya kazi anauawa haraka na bakteria wa nimonia, nyumokokasi. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku inapunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Dawa ya bei rahisi. Lakini Afrika palikuwa na hoja kwamba huenda bakteria wetu ni tofauti, huenda nyumokokasi si tatizo kwa watoto wa huku. Jibu la uhakika lilikuja mwaka 2009 kutoka Kilifi: nyumokokasi ndiye aliyeongoza kwenye damu za watoto wa SS waliolazwa. Sawa na kwingineko.

Miaka 23.

Ya pili ni dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 1995 ilionekana Marekani kwamba inapunguza maumivu makali kwa watu wazima. Hofu ya kuileta kwetu ilikuwa na mantiki: inashusha chembe nyeupe za damu, sasa ukimpa mtoto anayeishi na mbu si utamfungulia mlango wa malaria? Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda uliwapa dawa watoto 606, ukachapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua. Malaria nayo ilipungua, karibu nusu. Hofu ilikuwa kinyume cha ukweli.

Miaka 24.

Kwa muda niliwakasirikia waliotia shaka. Baadaye nikaona kwamba sivyo. Allison mwenyewe alitiwa shaka na ikafaa. Aliyesema "tupime kwanza kabla ya kuwapa watoto wetu" alisema vema. Kilichoniacha na hasira ni kwamba swali liliulizwa, likaeleweka kuwa ni la uhai na kifo, kisha likaachwa bila fedha ya kulijibu. Kilifi na Muhimbili walipopata nafasi ya kupima, walijibu ndani ya miaka michache.

## Kinga asiyoipata

Watu wengi mtaani wanaamini mwenye sikoseli haugui malaria. Ni hatari, na imetokana na ile hadithi nzuri ya darasani kusimuliwa nusu.

Kinga ya kutegemewa ni ya AS. Muhimbili walikuta wagonjwa wa SS wanakutwa na vimelea mara chache zaidi kuliko wagonjwa wengine, hilo ni kweli. Lakini SS aliyelazwa akiwa na malaria ndiye aliyekuwa kwenye hatari ya kufa, kwa sababu damu yake tayari ni kidogo na malaria inaimalizia. Kilifi nao walikuta vifo vingi kwa SS wenye malaria. Kwa hiyo chandarua na dawa ya kuzuia malaria ni vya lazima kwake kuliko kwa mtu yeyote nyumbani.

Hilo ndilo lililomfanya yule binti anyamaze muda mrefu tulipoongea. Kinasaba kimeenea kwa sababu kinawakinga wengine dhidi ya malaria, na yeye mwenye viwili malaria inaweza kumuua.

Nilimweleza la Kilifi la mwaka 2011, ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Watafiti walitaka kujua kama malaria inawafanya watoto wapate maambukizi ya bakteria kwenye damu. Huwezi kuwaambukiza watoto malaria ili ujue. Wakatumia AS. Nani anazaliwa AS na nani AA ni kura iliyopigwa tumboni, haitazami tajiri wala maskini. Watoto wa AS wanapata malaria kidogo. Je, wanapata na bakteria kidogo? Ndiyo, na malaria ilipopungua Kilifi, tofauti kati yao na wengine ikafifia. Maana yake ukizuia malaria unazuia na bakteria. Hakuna aliyechomwa sindano ya vimelea. Kutoka wale wanaume 30 hadi hapo, sayansi yetu imejifunza kuuliza kwa upole zaidi.

"Kwa hiyo hapo AS wamefanya kazi," alisema. "SS je?"

## Karatasi ya damu

Visiwani Zanzibar malaria imeshuka sana. Ikishuka hivyo kote, faida ya AS inabaki ndogo, lakini kinasaba hakitaondoka nayo. Kitapungua polepole kwa vizazi vingi, na kadiri tunavyowatibu SS wakaishi na kuzaa, kitapungua polepole zaidi. Sioni ubaya wowote hapo. Makadirio yanayotumika ni watoto 305,800 wa SS waliozaliwa duniani mwaka 2010, na 404,200 watakaozaliwa mwaka 2050, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wengi.

Penisilini na haidroksiyurea zinafanya kazi kwa mtoto anayejulikana. Asiyejulikana atajulikana siku vidole vitakapovimba, au hatajulikana kabisa.

Uganda walifanya kitu cha akili. Kila mwaka maelfu ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU huchomwa kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi, na karatasi zinasafirishwa hadi maabara kuu Kampala. Mtandao huo ulikuwepo tayari. Kati ya 2014 na 2015 watafiti walizichukua karatasi hizohizo, karibu laki moja, wakapima selimundu kwenye damu iliyobaki. Wakapata AS 13.3 kwa mia, wenye ugonjwa 0.7 kwa mia, na ramani ya wilaya kwa wilaya inayoonyesha wapi kliniki zianze.

Karatasi za aina hiyo zinajazwa Tanzania pia, Musoma ikiwemo. Tone moja linatosha kwa vipimo vyote viwili, na elektroforesisi inatenganisha AS na SS bila kumwachia mzazi karatasi ya "chanya". Mtoto wa SS akijulikana akiwa na wiki chache, penisilini inaanza kabla himoglobini ya tumboni haijaisha.